Mistari ya Chini Kwenye Ukuta wa Senje

Mwezi uliopita nilikwenda kununua mabati mawili katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kawangware, kituo cha matatu cha 56. Kijana wa duka alikuwa amehesabu mzigo wake kwa chaki na kuandika namba juu ya bati la kwanza. Kwa kuwa ndilo nililochagua, alilimwagia maji kidogo akalifuta kwa kiganja. Ikanijia harufu ya chaki iliyolowa juu ya chuma. Niliweka mkono kwenye bati nikasimama. Kijana akadhani nimeona tundu.

"Mathe, hiyo ni mpya kabisa," akaniambia. "Hata usiangalie."

Sikuwa naangalia tundu. Nilikuwa Kianda, mtaa niliokulia, nina miaka sita, labda saba, na nimeshika kipande cha chaki ambacho si changu.

Tuliishi chumba kimoja katika ploti ya Mama Zena, Mnubi aliyeirithi kwa baba yake. Kuta tatu za chumba chetu zilikuwa za udongo. Ya nne, iliyotutenga na jirani, ilikuwa ya mabati yaliyosimamishwa wima. Moshi wa jiko na wa koroboi ulikuwa umeyapaka masizi miaka na miaka hadi yakawa meusi ti, meusi kuliko ubao wa darasa letu, ambao wakati huo ulikuwa umechujuka ukawa kijivu. Watu wote waliokaa katika chumba kile kabla yetu waliona masizi. Senje aliona ubao.

Kwetu Waluhya, senje ni dada ya baba. Wangu alitoka nyumbani, ng'ambo ya Webuye, baada ya mama kufariki. Alikuja kunilea kwa sababu Baba alikuwa askari wa geti kwenye nyumba moja Lavington na alitoka kabla sijaamka. Senje alikuja na begi moja na hakuwa na nguo za baridi, kwa hiyo Baba akampa sweta ya mama, ile ya kijani. Ilimkaa sawasawa. Kwenye foleni ya maji wanawake wakaanza kumwita Mama Nasimiyu, kama walivyomwita mama yangu. Mama Zena alimtazama siku ya kwanza kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Wallahi, Mungu ameleta mwenzake." Alisema kwa wema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na sikuona wema wowote katika maneno yale.

Senje alipata kibarua pale 56, kuwapikia chai mafundi wa kibanda kimoja cha kusuka upya mota zilizoungua. Alikuwa akitembea kutoka Kianda hadi Dagoretti Corner na kuendelea hadi huko, kila siku. Baada ya miezi michache fundi mmoja aliugua, Senje akakaa mahali pake, na hakurudi tena kwenye sufuria. Vidole vyake vilijua waya. Lakini bila cheti angebaki kuwa yule mama wa chai anayesaidia, na cheti kilitaka mtihani wa umeme. Sehemu ya vitendo aliipita mara moja. Karatasi ya hesabu ilimwangusha mara mbili.

Baba hakuwa mtu mkali. Aliongea kama mtu anayesoma kipimo. Jioni moja alimwambia, nikiwa nakula katikati yao, "Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, Desemba unapanda basi. Mama huko nyumbani amezeeka. Hawezi kuendelea kuteka maji peke yake, na wewe ndiye huna bwana wa kukuzuia."

"Na Nasi?" Senje akauliza.

"Tutaona."

Hayo nilijua, basi. Nilijua kwamba karatasi moja ingeamua kama Senje atabaki na sisi au ataondoka. Bado nikafanya nilichofanya.

Ukuta ule ulikuwa na namna yake ya kuandikiwa. Bati lina migongo na mabonde, na chaki haifiki bondeni. Ukiandika kama kwenye daftari, nusu ya maandishi inapotea. Senje akaamua kwamba kila mgongo ubebe alama moja tu: tarakimu, au jumlisha, au kutoa. Hesabu zake zikapanga mstari kama nguzo za ua. Aliandika mistari minane kila asubuhi huku uji ukichemka, kila mstari swali moja, wa kwanza juu kabisa, wa nane karibu na sakafu. Aliandika hatua ya kwanza tu ya kila swali, kisha akaenda kazini. Alisema hesabu ni kama githeri, inaiva ukiwa umeiacha. Jioni alirudi, akasimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi, akazimaliza.

"Mama Nasimiyu," Mama Zena alipenda kumwambia akichungulia mlangoni, "ukuta wangu umekuwa daftari?"

"Ukuta ni wako, Mama Zena. Masizi ni yangu."

"Ukifeli utayaosha!"

"Nikipita utayauza."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nikitazama ile herufi ambayo haikukosekana katika swali lolote.

"Senje, hiyo jei ni ya nini?"

"Hiyo ni namba ambayo haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo tu. Ukiizidisha na yenyewe unapata kutoa moja. Tafuta kwa vidole vyako kama kuna namba inaweza hiyo." Nilitafuta. "Unaona? Haipo. Lakini inafanya kazi. Umeme wa mota huwezi kuuhesabu bila hiyo."

Vitabu vya shule huiandika i. Vitabu vya umeme huiandika j kwa sababu i tayari ni ya mkondo wa umeme. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule nilishika jambo moja tu: kuna kitu ambacho hakipo na bado kinafanya kazi. Nilimjua mmoja wa namna hiyo.

Shida ilikuwa maneno ambayo Senje alijisemea akifanya hesabu. Kila swali lilikuwa na mstari katikati, kitu juu na kitu chini, na jei ilikuwa chini. "Huyu hawezi kukaa chini," alisema. "Lazima tumtoe. Sasa tunaleta mwenzake, wa kufanana naye kila kitu isipokuwa alama." Chini palipokuwa na tatu jumlisha jei nne, aliandika kando yake tatu kutoa jei nne, na juu vilevile. "Wakikutana wawili hawa, jei inaisha."

Mama yangu alizikwa nyumbani nikiwa nimeachwa Nairobi kwa Mama Zena. Niliambiwa amewekwa chini. Na sasa huyu, aliyevaa sweta yake, aliyeitwa jina lake, mwenzake wa kufanana naye kila kitu isipokuwa kimoja, alisimama kila asubuhi mbele ya ukuta wetu akisema lazima amtoe aliye chini mpaka aishe. Sidhani kama mtu mzima anaweza kuelewa jinsi jambo lile lilivyokuwa wazi kwangu. Halikuhitaji kufikiriwa.

Shule ilitutoa saa sita na nusu. Nilichukua ufunguo kwa Mama Zena, nikafungua, nikatoa chaki kwenye kopo la majani ya chai. Alama ya kutoa ni kistari kimoja kilicholala juu ya mgongo wa bati. Inatosha kukiteremshia kingine kimoja cha kusimama, na imekuwa jumlisha. Nilizigeuza za chini tu. Za juu ya mstari hazikunihusu, kwa sababu mama hakuwa huko. Kisha nikarudisha chaki, nikala kiporo changu, nikatoka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzangu, moyo umetulia kama mtu aliyefunga mlango vizuri.

Jioni ile Senje alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Swali mojawapo lilikuwa ishirini na tano juu, tatu jumlisha jei nne chini. Chini ilipaswa kumpa ishirini na tano safi. Yeye alipata kutoa saba jumlisha jei ishirini na nne.

"Jei imekataa kutoka," akasema.

Nilifurahi hata nikamsaidia kuosha vyombo bila kuitwa.

Ikawa kazi yangu ya kila siku. Senje alianza kunyamaza. Alikuwa anakagua hatua zake mara mbili, mara tatu, halafu akagundua kwamba alama yenyewe ya kwanza ilikuwa na kosa, na kwamba yeye ndiye aliyeiandika. Alikumbuka kuandika kutoa. Ukutani palikuwa na jumlisha. Katika kazi yake, mtu asiyeamini kumbukumbu yake hawezi kusuka mota. Siku moja alirudi na kidole kimefungwa kitambaa, akasema aliunganisha waya kinyume, mota ikashika moto mbele ya mwenye mota.

Baba aliona pia. "Kichwa kimechoka," akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza. "Si aibu. Si lazima ungoje mtihani. Nenda nyumbani mapema, upumzike."

Senje aligeukia ukuta. Usiku wa siku hiyo, nikiwa nimelala upande wangu wa kitanda, nilihisi mkono wake ukinifunika blanketi mabegani, kisha ukakaa hapo. Ndipo kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba kama jei itabaki, Senje ataenda. Sikujua la kufanya na wazo hilo. Kesho yake nilizigeuza alama kama kawaida, ila sikutoka kucheza.

Senje alikuwa mtu wa kuandika makosa yake. Hili nimelichukua kwake, na watu wa kwangu hulilalamikia. Alikuwa na kidaftari ambamo kila jioni aliandika mstari gani umekwenda sawa na upi umekosa. Jumapili moja asubuhi, Baba akiwa zamu, alikisoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakisoma tena. Mstari wa kwanza hadi wa nne, sawa siku zote. Wa tano hadi wa nane, makosa siku zote. Na katika hiyo minne, juu ya mstari wa kugawanya, sawa. Chini, makosa.

"Kichwa kilichochoka hakikosei kwa mpangilio," akasema, akiongea na ukuta.

Akanigeukia. "Nasi. Kuja hapa. Simama karibu na ukuta."

Nikasimama.

"Inua mkono. Juu. Mpaka mwisho."

Nikainua. Ncha za vidole vyangu zilifika katikati ya mstari wa nne na wa tano.

Nilingoja kofi. Senje alivuta mtungi wa maji, akaketi juu ya kifuniko chake, macho yake yakawa sawa na yangu.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Juu ya nini, mtoto wangu?"

Sikutaka kulia na nikalia. "Sababu unamtoa mama."

"Nani amesema namtoa?"

"Wewe! Kila siku unasema hawezi kukaa chini, lazima atolewe, mpaka aishe. Na mama ako chini."

Uji ulifurika ukazima nusu ya makaa. Hakuna aliyeinuka. Senje alijifuta uso kwa mkono wa ile sweta, akasema neno la Kibukusu ambalo sikulisikia vizuri na sikuwahi kumuuliza. Halafu akachukua chaki na, badala ya kusimama, akapiga magoti na kuandika mahali pa mstari wa saba, ninapofika.

Juu tano. Chini moja jumlisha jei mbili.

"Haya. Jei iko wapi?"

"Chini."

"Andika mwenzake. Juu na chini, kwa sababu ukimpa mmoja unampa na mwingine."

Niliandika moja kutoa jei mbili, juu na chini, nikiwa nimeshikwa mkono. Tukazidisha chini kwanza. Moja mara moja, moja. Jei mbili zikakutana na jei mbili za kinyume zikafutana. Kisha mbili mara mbili, nne, na jei mara jei, ambayo ni kutoa moja, ikakutana na alama ya kutoa, ikawa nne ya kujumlisha. Moja na nne.

"Ngapi?"

"Tano."

"Na juu kuna tano. Kata na kata. Imebaki nini?"

Nilisoma kwa kidole. "Moja kutoa jei mbili."

"Jei imeisha?"

Niliangalia. Sikuwa nimewahi kufuatilia hesabu hata moja hadi mwisho. Nilikuwa nikitazama chini tu. "Haijaisha," nikasema. "Imepanda."

"Imepanda. Hakuna mtu ameitupa. Chini ilikuwa inagawanya kila kitu na hatungeweza kuiona vizuri. Sasa imekuja mahali tunaweza kuisoma. Hiyo ndiyo kazi yote, Nasi. Hakuna nyingine."

Nilisoma tena. "Lakini amegeuka. Kwanza alikuwa jumlisha."

Senje aliifuata alama ile kwa kidole. Angeweza kunidanganya na ningekubali.

"Ndiyo," akasema. "Harudi vile alikuwa."

Kisha akaniambia kwamba mama aliitwa Rose Nafula, kwamba alicheka akiwa amefunika mdomo kwa sababu ya pengo la jino, kwamba alinibeba mgongoni hadi nikawa mkubwa wa kuaibisha. "Na hii sweta," akasema, "nikivaa si ati nimekuwa yeye. Ni baridi tu." Nilicheka na makamasi. Tukakoka makaa upya.

Sikuendelea sana na shule. Hesabu nilizonazo nilijifunza mwenyewe, nikiwa mtu mzima na watoto, kutoka vitabu vikuukuu vya kando ya barabara, ukurasa kwa ukurasa, sikuruka zoezi. Nilipofika sura ile nilikuwa nimepita miaka thelathini. Nikaandika tano juu ya moja jumlisha jei mbili, na nikaona jambo ambalo Senje hakuniambia. Kuzidisha juu na chini kwa kitu kilekile ni kuzidisha kwa moja. Thamani haibadiliki hata chembe. Namba tuliyoanza nayo na namba tuliyoishia nayo ni ile ile. Haikuwa imegeuka. Ile alama ya kutoa ilikuwa ndani yake tangu mwanzo, ila ilivyoandikwa hatukuweza kuiona. Nilimpigia Senje simu nikamweleza kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Lakini ukiwa na miaka sita ungeelewa?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Lakini Jumapili ile ya ukutani zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Kosa lilikuwa limejulikana, lakini jeraha halikupona siku hiyo hiyo. Senje alikuwa amezoea kujishuku. Aliandika alama, akaitazama kama mgeni. Basi tukapanga hivi: kabla hajatoka asubuhi, nilisimama mbele ya ukuta na kusoma alama zote kwa sauti, "jumlisha, kutoa, jumlisha," na yeye akafumba macho akaitikia kila moja. Jioni tulisoma tena, na zilikuwa zile zile. Kila jioni zilikuwa zile zile. Sijui ni siku ya ngapi alipoacha kufumba macho. Alifanya mtihani siku ya Jumatano, akarudi akapika, akasema maswali yalikuwa maswali.

Jumamosi nilikuwa nikienda naye kibandani. Miezi ilikuwa imepita bila majibu ya mtihani, Novemba ilikuwa inaisha, na Baba alikuwa ameshauliza kwa wapiga debe basi la Webuye linaondoka saa ngapi. Jumamosi hiyo Senje alikuwa anasuka koili ya mota ya kinu cha kusagia unga. Waya mwembamba ulipita kati ya vidole vyake ukizunguka kibao, nami nilishika roda, gurudumu lenye waya, ili isirukeruke. Alikuwa akihesabu mizunguko kwa midomo, bila sauti. Waya ule ukiulegeza katikati, kazi yote inaharibika.

Baba akatokea na sare yake ya kazi. Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Barua zetu zilipitia la mwajiri wake. Alitoa bahasha ndani ya kofia, ambako alikuwa ameiweka isikunjike.

"Imekuja," akasema.

Senje hakuacha waya. "Fungua."

"Mimi?"

"Mikono yangu haiko."

Baba aliichana polepole, akatoa karatasi, akaitazama. Ilikuwa ya Kiingereza. Akaishusha mbele yangu na kuweka kidole palipoandikwa hesabu. "Soma hapo, kando."

Nikasoma herufi moja moja, kama tulivyofundishwa. "P. A. S. S."

"Endelea," Senje akasema, macho kwenye waya.

"Imeisha."

Fundi wa kibanda cha pili akapiga nyundo kwenye chuma mara tatu, akapaza sauti, "Mama wa chai amekuwa injinia! Sasa nani atatupikia?"

"Pika mwenyewe, una mikono!" Senje akamjibu.

Baba alikunja karatasi kwa mikunjo ile ile iliyokuja nayo. Alikuwa na namna ya kutazama chini akipiga mahesabu yake. "Basi Mama ndiye atakuja huku," akasema. "Nitaongea na Mama Zena atupatie chumba cha pili."

"Mama hawezi kukaa Nairobi."

"Atazoea. Wewe si ulizoea?"

Senje akatikisa kichwa, akacheka, akarudisha macho kwenye koili. Vidole vyake vikasimama.

"Nilikuwa ngapi?" akauliza.

Mimi sikujua. Baba hakujua. Fundi wa kibanda cha pili alisema themanini, lakini alikuwa anatafuta maneno tu. Senje akaanza kuukunjua waya, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akinirudishia kwenye roda, hadi kibao kikabaki kitupu. Baba akageuza kreti, akaketi karibu naye, kofia juu ya goti.

"Moja," Senje akasema.

"Moja," Baba akaitikia.